Hilux Iliyoanguka na Ghorofa Iliwaka. Mbona Hii ya Kimara Inagoma?

Mwaka 2003 kipindi cha magari cha Top Gear cha BBC kiliamua kuiua Toyota Hilux. Siyo utani. Walichukua pikapu ya dizeli ya mwaka 1988, iliyokwisha kuchoka na safari, wakaigongesha, wakaifunga ufukweni mpaka maji ya bahari yakaifunika, wakaipiga kwa lile chuma la kubomolea majengo, wakaitia moto. Kila baada ya mateso fundi alipewa zana za kawaida tu, bila spea mpya, na kila mara injini ilinguruma tena. Mwisho wakaipandisha juu ya ghorofa refu lililokuwa linasubiri kubomolewa, wakalilipua, pikapu ikashuka pamoja na kifusi. Ikachomolewa kwenye vumbi, ikawaka. Clip ile inazunguka mitandaoni mpaka leo.

Sasa hamia Kimara, Dar es Salaam, saa kumi alfajiri. Kijana mmoja kakaa ndani ya Hilux ya dizeli ya ukoo huohuo, tenki limejaa, betri mpya kabisa. Anazungusha ufunguo. "Tak!" Kimya. Anarudisha, anazungusha tena. "Tak!" Mara ya saba, bila sababu yoyote ya kueleweka, injini inazunguka na kuwaka kama vile hakuna kilichotokea. Kesho yake inawaka mara ya kwanza. Siku tatu mfululizo inawaka vizuri, mpaka mwenyewe anaanza kusahau. Siku ya nne inamtosa Sinza, katikati ya kazi, nyuma kuna matenga ya nyanya na jua limeshakuwa kali.

Hakuna bomu lililolipuliwa hapo. Hakuna bahari wala moto. Ni kitu kidogo tu kinachoinyanyasa gari iliyoshinda ghorofa, na kukipata kuligharimu mkwanja, usingizi, na karibu kuligharimu gari lenyewe.

Pikapu ilikuwa ya baba yake. Mzee alikuwa akienda nayo shamba Kibaha mara mbili kwa wiki, anarudi jioni, anaiosha. Alipofariki, kijana hakuwa na ajira, akaamua kuifanya gari ndiyo ajira: anachukua nyanya na vitunguu soko la Mabibo alfajiri, anasambaza kwenye magenge na kwa mama lishe. Kila kituo anazima, anashusha, anapokea hela, anawasha, anasogea. Gari likigoma, mama lishe hasubiri. Anampigia mwingine, na huyo mwingine kesho ndiye anayepigiwa wa kwanza.

Gereji ya kwanza walisema betri. Akanunua betri. Wiki ikapita, "tak!" ikarudi. Gereji ya pili walisema stata imekufa, wakamfungia stata ya mtumba na ile ya zamani ikabaki palepale gereji, kama ilivyo desturi. Gari likawaka vizuri wiki tatu nzima. Kisha "tak!" ikarudi. Hapo akili ikachoka, maana betri imebadilishwa, stata imebadilishwa, sasa nini tena? Gereji ya tatu wakambadilishia swichi ya ufunguo. Kwa hiyo gari likawa na funguo mbili, moja ya mlango na moja ya kuwashia, na ugonjwa uleule.

Akajifunza maisha ya wenye magari mabovu. Anapaki kwenye mteremko, na Kimara Mungu amewajalia milima. Asubuhi anaachia breki, gari linashuka, anaweka gia ya pili, anaachia klachi, injini inashtuka na kuwaka. Kule Mabibo, ambako ni tambarare, anategemea wabeba mizigo wamsukume, na wasukumaji nao wanataka ya maji. Dalali wa mtaani akaanza kupita jioni jioni, anazunguka gari, anapiga teke tairi. "Dogo, hili limeshakuchoka. Nikupe hela leo, uanze na bodaboda." Bei aliyotaja ilikuwa ya dharau, lakini kila alfajiri yenye "tak!" bei ile ilizidi kuonekana nzuri.

Ili kuelewa mlio ule inabidi kurudi nyuma zaidi ya miaka 100, kabla ya Hilux, kabla hata ya Toyota kutengeneza gari.

Magari ya mwanzo hayakuwa na ufunguo wa kuwashia. Mbele, chini ya rejeta, kulikuwa na tundu. Dereva alichomeka chuma kilichopinda, hendeli, akaizungusha injini kwa mikono yake. Injini haiwezi kujianzisha yenyewe. Lazima kitu kiizungushe kwanza ili ivute hewa na mafuta, ibane, ndipo mlipuko wa kwanza utokee. Na hapo ndipo kasheshe ilipokuwa: cheche ikiwahi, pistoni haijafika juu, injini inarudi kinyume kwa nguvu na hendeli inarudi nayo. Kama kidole gumba kimeikumbatia, kinateguka. Kama mkono umenyooka, mfupa unavunjika. Madaktari wa mifupa mpaka leo wanao mvunjiko mmoja, wa mfupa wa mkono karibu na kiganja upande wa kidole gumba, wanaouita kwa jina la madereva, kwa sababu ya hendeli. Wazoefu walifundishana: vuta kwenda juu, usisukume kwenda chini, na kidole gumba kikae upande mmoja na wenzake. Kwenye malori ya zamani ya huku kwetu kazi hiyo mara nyingi ilimwangukia utingo. Dereva yuko juu anapanga cheche, utingo yuko chini anapanga maisha yake.

Ndiyo maana magari ya umeme yalipata soko mapema sana. Ndiyo, magari ya umeme, zaidi ya nusu karne kabla Elon Musk hajazaliwa. Yalikuwa hayana hendeli, hayana moshi, unakaa unaondoka, na watengenezaji waliyanadi hasa kwa wanawake wa mjini. Utamu wa stori ni huu: Clara, mke wa Henry Ford, aliendesha gari la umeme la kampuni ya Detroit Electric. Mume kajaza dunia magari ya petroli ya kupiga hendeli, mke anapita zake kimyakimya na betri.

Kuhusu nani hasa aliyeiua hendeli, kuna simulizi moja Wamarekani wanaipenda mno. Inasemekana mtengeneza magari mmoja, Byron Carter, alisimama kumsaidia mwanamke aliyezimikiwa na gari kwenye kisiwa cha Belle Isle, Detroit. Hendeli ikarudi, ikampiga usoni, na mwaka 1908 akafariki. Rafiki yake Henry Leland, bosi wa Cadillac, akaapa kwamba gari lake halitaua mtu namna hiyo tena. Wanahistoria wameichokonoa hadithi hiyo na kuona imetiwa chumvi nyingi. Leland kweli alitaka hendeli iondoke, hilo halina ubishi, na aliyemwendea alikuwa kijana wa Ohio aitwaye Charles Kettering.

Kettering hakutoka kwenye magari. Alitoka dukani, kwa namna fulani. Alikuwa ameajiriwa na National Cash Register, kampuni ya mashine za kuhesabia fedha, na alichofanya pale ni kuiwekea mashine ile mota ya umeme, ili keshia asizungushe mkono kila mteja anapolipa. Sasa wakati ule, wataalamu waliamini mota ya umeme ya kuzungushia injini ya gari italazimika kuwa kubwa karibu sawa na injini yenyewe, na betri zake zitajaza gari. Kettering akakumbuka mashine ya dukani. Mota ile haifanyi kazi siku nzima. Inashtuka, inafungua droo, inapumzika. Kitu kinachofanya kazi sekunde chache kinaweza kubebeshwa mzigo ambao kingebeba dakika kumi kingeungua.

Akatengeneza mota ndogo, akaipiga umeme mwingi kupita kiasi, kwa muda mfupi kupita kiasi. Februari 1911 mfumo wake ukafanya kazi kwenye Cadillac, na Cadillac za mwaka 1912 zikaingia sokoni nao. Mwaka 1919 hata Ford Model T, gari la watu wa kawaida, likaanza kupatikana na stata ya umeme. Magari ya umeme, ambayo tayari yalikuwa yanabanwa na bei ya chini ya Ford, yakapoteza sifa yao kubwa. Ni kichekesho cha aina yake: betri na mota ndogo ya umeme ndivyo vilivyosaidia petroli kulizika gari la umeme.

Lakini shika ile fikra ya Kettering, ya kubebesha mzigo mkubwa kwa muda mfupi. Ugonjwa wa Hilux ya Kimara umo ndani yake.

Mota peke yake haitoshi. Lazima ishike injini, iizungushe, kisha iachie haraka kabla injini iliyowaka haijaizungusha yenyewe mpaka isambaratike. Ukipita gereji yoyote ya Dar utasikia fundi akisema "bendiksi imekufa". Wengi wanadhani ni jina la kifaa tu. Ni jina la mtu. Vincent Bendix, Mmarekani, alibuni namna ya kufanya gia ndogo ya mota isogee yenyewe mbele, iume meno ya gurudumu kubwa la nyuma ya injini, na kurudi nyumbani injini ikiwaka. Chevrolet wakaanza kuutumia ubunifu wake mwaka 1914. Stata za leo zinasogeza gia yake kwa njia nyingine, yeye mwenyewe alifariki 1945, ila jina lake linatajwa kila siku Gerezani na Ilala na vijana waliojaa grisi ambao hawajawahi kuiona picha yake.

Halafu kuna swali la swichi. Umeme wa kuzungusha injini si wa mchezo. Taa mbili kubwa za mbele zinakula kama ampia 10. Stata ya pikapu ya dizeli inakula mamia. Waya wa kupitisha umeme huo ni mnene kama kidole, na swichi yake haiwezi kuwa kale kakitu kadogo kwenye usukani. Kwa hiyo magari mengi ya zamani yalikuwa na kitufe sakafuni. Dereva anakikanyaga, mguu wake ndio unaokutanisha shaba na shaba. Ufunguo wa kuzungusha mpaka injini iwake ulikuja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1940, Chrysler wakiwa mbele. Ili ufunguo mdogo uamuru umeme mkubwa, mguu wa dereva ukabadilishwa na sumaku ya umeme inayoitwa solenoidi. Ukizungusha ufunguo, umeme mdogo unaenda kwenye sumaku, sumaku inavuta chuma, na chuma kile kinafanya mambo mawili kwa pamoja: kinasukuma gia iume injini, na kinagandamiza kisahani cha shaba juu ya vipande viwili vya shaba. Vikigusana, mto wa umeme unapita na mota inazunguka.

Ule mlio wa "tak!" ni mguu huo unaokanyaga.

Hilux ilizaliwa Japani mwaka 1968 na dizeli zake zikafuata baadaye. Dizeli haina cheche, inategemea kubana hewa mpaka iwe ya moto kiasi cha kuwasha mafuta, na injini za Hilux za miaka ya 1980 na 1990 zinabana kama mara 22. Land Rover za zamani zilikuwa bado zina tundu la hendeli kwenye bampa, na wazee wengi wanakumbuka kuliona likitumika. Kwenye Hilux ya dizeli usahau. Mkono wa binadamu hauwezi kubana hewa hiyo. Ni stata, au mteremko, au watu wa kusukuma.

Kila alfajiri, basi, umeme wa mamia ya ampia unaruka kwenye vipande viwili vya shaba vilivyo sawa na ukucha wa kidole gumba. Kila vinapogusana na kuachana, cheche inachoma kidogo. Kidogo sana, huwezi kuona. Baada ya maelfu ya mara shaba inakuwa imelika, na kisahani kinachokuja juu yake hakikai sawa. Kisahani hicho kinaweza kuzunguka kwenye ekseli yake. Leo kimetua na upande mzima, gari linawaka. Kesho kimetua na upande uliochimbika, "tak!", shaba haijagusa shaba. Unarudisha ufunguo, unajaribu tena, kimegeuka kidogo, kimegusa, umepona. Ndiyo maana ya ile mara ya saba. Haikuwa jini wala jicho la jirani.

Fundi aliyeligundua hili alikuwa mzee wa makamo, fundi umeme wa magari, kibanda chake kina bati moja na kiti cha basi kilichong'olewa. Kijana alifika akasalimia shikamoo, akaanza kueleza kila kitu alichobadilisha. Mzee akamkatisha.

"Mwanangu, hayo uliyonunua niachie. Linapogoma, linasemaje?"

Kijana akashangaa. Gereji tatu, hakuna aliyemuuliza hivyo.

Swali lenyewe ndilo nusu ya kazi, na lina maana kwa kila mwenye gari la zamani. Kila kiungo cha historia ile kina sauti yake kinapougua. Ukizungusha ufunguo ukakuta kimya kabisa, hata "tak" hakuna, basi amri haifiki kwenye sumaku: tafuta kwenye swichi, fyuzi, relei au ule waya mwembamba. Ukisikia "taktaktaktak" ya harakaharaka, na taa zinafifia mpaka zinakuwa nyekundu, betri imechoka au vichwa vyake vina kutu ya kijani. Ukisikia mota inalia "wiii" lakini injini imetulia, bendiksi. Ukisikia mkwaruzo wa chuma kwa chuma, meno. Na ukisikia "tak!" moja, nzito, taa za mbele zikabaki zinang'aa kama kawaida, maana yake mguu umekanyaga lakini umeme haukupita. Ungepita, taa zingefifia. Betri haihusiki hapo, na betri ndicho kitu cha kwanza kijana alichouziwa.

"Inasema tak. Moja tu. Taa hazizimi."

Mzee akatikisa kichwa, akaenda kwenye gari, akapiga stata. Likawaka. Akazima, akapiga tena. Likawaka. Mara kumi, likawaka mara kumi. Si unajua mtoto anavyokuwa na adabu mgeni akija? Gereji zote zilizopita ziliishia hapo: gari lilikuwa zima mbele yao, wakabahatisha kwa hela ya mwenye gari. Kwa ugonjwa wa kuja na kuondoka, kulipima gari likiwa zima ni kupoteza muda. Betri ilisoma volti 12.6, safi. Waya wa ethi akaukagua, akaufungua, akaupiga msasa, akaurudisha. Haukuwa na shida kubwa.

Halafu akafanya kitu ambacho kijana alidhani ni utani. Akachukua balbu mbili ndogo za indiketa na waya mrefu. Waya wa balbu ya kwanza akaufunga pale amri ya ufunguo inapoingia kwenye solenoidi. Wa pili akaufunga upande wa pili kabisa, pale umeme mkubwa unapotoka kwenye shaba kwenda kwenye mota. Akazipitisha nyaya dirishani, balbu akazibandika kwa selotepu juu ya dashibodi. Kila ukiwasha, zinatakiwa ziwake zote mbili. "Kafanye kazi yako. Likigoma, usipige tena. Angalia taa, nipigie."

Hapo ndipo palipo na tofauti ya fundi na muuza spea. Hakuuza chochote. Aliweka mashahidi wawili ndani ya gari, akasubiri mwizi arudi mwenyewe.

Siku ya kwanza, mizunguko yote, zikawaka mbili. Siku ya pili vilevile. Dalali akapita jioni, akaziona balbu, akacheka mpaka akakaa chini. Siku ya tatu, Manzese, saa tatu asubuhi, mama lishe ameshachukua vitunguu vyake, kijana akazungusha ufunguo. "Tak!" Balbu ya kwanza ikawaka. Ya pili ikabaki nyeusi.

Akapiga simu. Mzee akamwambia asukume, aje.

Maana yake ilikuwa moja tu. Amri imefika, kwa hiyo ufunguo, swichi na waya mwembamba vyote ni vizima. Sumaku imevuta, mlio umesikika. Umeme mkubwa umefika mlangoni na haukutokea upande wa pili. Kati ya hapo na hapo hakuna kitu kingine zaidi ya kisahani na vipande viwili vya shaba. Mzee akafungua waya wa hasi wa betri kwanza, hili mafundi wengi wanaliruka na wengine wameungua vidole kwa kuliruka, akashusha stata, akafungua skrubu tatu za kifuniko cha nyuma. Kipande kimoja cha shaba kilikuwa kimelika mpaka kimekuwa ngazi. Kisahani kilikuwa na mashimo meusi kama jino bovu.

Kijana akauliza swali la maana: stata si ilibadilishwa? Ilibadilishwa, ndiyo. Kwa mtumba. Mtumba nao una shaba zake, nazo zilikuwa zimekaribia mwisho, ndiyo zikampa wiki tatu tu. Wiki tatu hizo ndizo zilizompoteza kila mtu, maana baada ya hapo kila fundi aliyeambiwa "stata nimeshabadilisha" aliivuka stata na kwenda kutafuta kwingine.

Na kwa nini kwa baba yake halikuwahi kugoma? Mzee akahesabu kwa vidole. Shaba haihesabu kilometa, inahesabu mara ulizowasha. Baba, safari mbili za Kibaha kwa wiki, kuwasha mara nne kila safari, ni kama mara 400 kwa mwaka. Mtoto anawasha mara 30 kwa siku, siku sita kwa wiki. Ni zaidi ya mara 9,000. Mwaka mmoja wa nyanya ulikuwa sawa na miaka zaidi ya 20 ya shamba. Gari halikumchukia kijana wala halikuzeeka ghafla msiba ulipopita, jambo ambalo ndugu wawili watatu walishaanza kulinong'ona.

Shaba mbili mpya na kisahani zilipatikana siku hiyohiyo kwenye duka la spea, kwa bei ya sahani chache za chipsi mayai. Mzee akasafisha gia, akatia grisi kidogo, akafunga. Hela ya ufundi ilikuwa kubwa kuliko ya spea, na kijana hakuomba kupunguziwa. Balbu mbili hakuzitoa. Bado ziko pale juu ya dashibodi, selotepu imeanza kuwa njano, na kila kituo zinawaka pamoja.

Kilichobaki kinamuuma kimoja. Stata ya baba yake iliachwa gereji ya pili kama chuma chakavu, na alipoifuata akaambiwa imeshaondoka. Haikuwa imekufa. Ilikuwa inataka shaba mbili. Huenda sasa hivi iko chini ya boneti ya mtu mwingine, imefutwa vumbi, imeuzwa kama mtumba safi.

Dalali alirudi Jumapili na hela mfukoni, noti zimefungwa mpira. Pale kwenye mteremko gari linapopakiwaga hapakuwa na kitu. Alilikuta uwanja wa chini, kwenye tambarare.